Tunduma si Namanga: karatasi zinazokwamisha mzigo wa kusini

Mfanyabiashara aliyezoea Namanga au Sirari, mipakani na Kenya, akishuka Tunduma, mpakani na Zambia, kwa mara ya kwanza, huulizia kile cheti kifupi cha wafanyabiashara wadogo. Kule kaskazini ni jambo la kawaida: mzigo uliozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye thamani isiyozidi dola 2,000, unajaziwa fomu palepale mpakani, muhuri unagongwa, na unavuka bila ushuru wa forodha. Tunduma anaambiwa fomu hiyo haimsaidii. Anahisi anazungushwa ili atoe chochote. Mara nyingi hazungushwi. Yuko kwenye mpaka wenye sheria nyingine, ingawa bendera ya upande huu ni ileile.

Vurugu nyingi za biashara ya Nyanda za Juu Kusini zinaanzia hapo. Mchele wa Mbarali na Kyela, ndizi za Rungwe na viazi vya Uporoto vina soko Zambia na Malawi, nchi ambazo hazimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania iko Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Zambia na Malawi ziko SADC na COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania nayo iliwahi kuwa COMESA, ikajitoa mwaka 2000. Ukichora duara tatu kwenye karatasi utaona kwamba mahali pekee nchi hizi tatu zinapokutana ni ndani ya duara la SADC. COMESA ina utaratibu wake rahisi kwa wadogo, na Wazambia na Wamalawi wanautumia wanapovushiana mizigo kati ya Mwami na Mchinji, lakini Mtanzania haumgusi. Kwa hiyo mama mwenye magunia matano ya mchele pale Tunduma anaweza kujikuta chini ya utaratibu uleule ulioandikwa kwa ajili ya kampuni yenye malori kumi.

Cha kuchekesha ni kwamba bima ya gari inayohitajika kuvuka, ile Kadi ya Njano, ni ya COMESA, na Tanzania imo kwenye mpango huo hadi leo. Gari linatambulika na COMESA, mzigo uliomo ndani hautambuliki.

Upo pia mkataba mkubwa wa utatu, unaounganisha COMESA, Afrika Mashariki na SADC, ulioanza kutumika rasmi tarehe 25 Julai 2024. Upo na ule wa soko huru la Afrika nzima. Ni habari njema, ila mkataba kuanza kutumika ni jambo moja, na fomu yake kukubalika dirishani ni jambo jingine. Kwa mzigo wa wiki hii, uliza kwanza cheti cha SADC.

Asili ya bidhaa si duka ulikoinunulia

Cheti cha uasilia cha SADC ndicho kinachobeba msamaha wa ushuru wa forodha. Kwa upande wetu, Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, yaani TCCIA, ndiyo inayokitoa. Msafirishaji anaomba akiwa na ankara ya mauzo na maelezo ya mahali bidhaa ilipozalishwa. Mazao ni rahisi. Mahindi yaliyolimwa Mbozi, ndizi zilizokatwa Tukuyu na mchele uliokobolewa Igurusi kutokana na mpunga wa hapohapo vyote vinahesabika kuwa vimezalishwa nchini kikamilifu, na hakuna hesabu ya kupiga.

Balaa huja kwenye vitenge, chupa za chai, betri na vipuri vya bodaboda. Mtu amenunua Mwanjelwa, soko la Mbeya, ana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka la Mbeya, anaamini bidhaa ni ya Tanzania. Si ya Tanzania. Kitenge kilichotoka India au China kikapitia bandari ya Dar es Salaam kinabaki cha India au China hata kikikaa kabatini Mbeya miaka mitatu. Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka huo, kitatozwa ushuru kamili wa Zambia, ambao kwa bidhaa nyingi za dukani ni asilimia 25, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu yake. Risiti ya EFD inathibitisha ulilipa kodi nyumbani. Haithibitishi bidhaa ilitengenezwa wapi.

Tukiwa hapo, tuondoe na mkanganyiko wa pili. Cheti cha uasilia kinafuta ushuru wa forodha peke yake. Kodi ya ongezeko la thamani ya nchi unakoingia, ada za ukaguzi na malipo ya wakala vinabaki palepale. Malalamiko ya "nina cheti, mbona natozwa?" husikika karibu kila siku, na jibu lake ni hilo. Vyakula visivyosindikwa mara nyingi vina nafuu ya kodi hiyo, unga na mafuta ya kula mambo hubadilika.

Kwa mzigo unaoingia kutoka ng'ambo, cheti kina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu Tanzania inatumia ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa kila kisichokuja na msamaha. Kwenye ushuru huo mahindi yamewekwa asilimia 50 na mchele asilimia 75, ili kuwalinda wakulima wa ukanda huu. Lori la mahindi kutoka Zambia lenye cheti sahihi cha SADC halitozwi ushuru huo. Lisilo nacho linadaiwa nusu ya thamani ya mzigo. Kati ya hali hizo mbili kuna karatasi moja tu, na ndiyo maana maofisa wanaikagua kwa makini kiasi kile: sahihi, muhuri, tarehe, uzito.

Canter moja ya mchele

Tuchukue Canter yenye tani nne za mchele wa Mbarali, mifuko 160 ya kilo 25, inayokwenda kwa mnunuzi wa Nakonde. Njia ni Igurusi, Uyole, Mbeya mjini, Mbalizi, Mlowo, Vwawa, Mpemba, Tunduma. Kwa lami ni safari ya siku moja. Kwa karatasi inaweza kuwa wiki mbili, na kosa kubwa ni kuanza na gari badala ya kuanza na karatasi.

Karatasi ya kwanza haitoki Tanzania. Inatoka Zambia: kibali cha kuingiza mazao, anachoomba mnunuzi kwa mamlaka ya afya ya mimea ya kwao, ambayo makao yake yako Mount Makulu, Chilanga, jirani na Lusaka. Kutoka Nakonde hadi huko ni karibu kilomita 1,000, kwa hiyo mnunuzi asiyejua utaratibu wa kuomba bila kusafiri atakuchelewesha. Mnunuzi awe pia na TPIN, namba ya mlipakodi ya Zambia, maana bila hiyo hakuna wa kuandikwa kama mwingizaji. Ukikuta mnunuzi anasema "wewe lete tu, tutajuana hapa", jua kwamba gharama za kujuana utalipa wewe.

Kibali hicho ndicho kinachomwambia mkaguzi wa Tanzania atafute nini. Kimeandikwa masharti: mzigo usiwe na wadudu hai, uwe umefukizwa kwa dawa fulani, na kadhalika. Ukiwa nacho ndipo unakwenda kwa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kuomba cheti cha usafi wa mimea. Wengi wanafanya kinyume: wanachukua cheti cha Tanzania kwanza, kisha kibali cha Zambia kinatoka kikiwa na sharti ambalo cheti hakikulitaja. Cheti ni halali, muhuri ni halali, na bado mzigo haupiti.

Ufukizaji nao una kikwazo cha ukanda huu wenyewe. Vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini hufanya kazi polepole kadiri baridi inavyozidi. Kipimo cha siku kilichozoeleka Dar es Salaam au Kyela hakitoshi ghala la Mbozi mwezi Juni au Julai. Hesabu siku saba au zaidi, turubai likiwa limezibwa pembe zote. Anayefukiza siku tatu akafungua anaua fukusi wazima na kuacha mayai ndani ya punje. Wiki moja baadaye, pale Nakonde, mkaguzi anatikisa kiganja cha mchele juu ya karatasi nyeupe na fukusi wanatembea. Na vidonge visitupwe ndani ya gari ili dawa ifanye kazi njiani. Gesi hiyo inaua mtu, na tingo amelala juu ya mifuko.

Kwa mahindi kipo kipimo cha ziada. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Zambia na Malawi huuliza pia kama mahindi ni ya mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo hufeli kipimo cha sumukuvu hata yakionekana meupe.

Sasa namba ya bidhaa kwenye forodha. Mpunga ni 1006.10, mchele uliokobolewa ni 1006.30, chenga ni 1006.40. Ankara ikisema mchele, cheti cha uasilia kikasema mpunga kwa sababu karani alinakili karatasi ya zamani, hizo ni bidhaa mbili tofauti machoni pa forodha. Wakala wa forodha anaandaa kadhia, yaani tamko la mzigo, ya kusafirisha nje kwenye mfumo wa TRA, mwenzake wa Nakonde anaandaa ya kuingiza kwenye mfumo wa Zambia unaoitwa ASYCUDA. Mifumo ni miwili, na taarifa zinaandikwa mara mbili na watu wawili. Kosa la herufi moja kwenye jina la mnunuzi huzaliwa hapo.

Na kosa linalotia hasira kuliko yote: Canter imekaguliwa, karatasi zinasema mifuko 160, kilo 4,000. Mbalizi dereva anaongezewa mifuko mitano ya shemeji yake, "si kitu, nafasi ipo". Nakonde wanahesabu 165. Tangu dakika hiyo mzigo wote unatiliwa shaka, si ile mitano tu, kwa sababu karatasi zote tatu zinasema idadi nyingine. Kushusha mitano tayari ni kuchelewa, ofisa ameshaandika.

Mizani inahusu hata magari haya ya kati, kwa kuwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inagusa gari lolote la kuanzia tani 3.5 kwa jumla. Kwa malori makubwa kikomo ni tani 56, gari na mzigo, lakini wengi wanaokamatwa hawajazidisha jumla. Wamezidisha ekseli: kundi la ekseli tatu haliruhusiwi kupita tani 24, la mbili tani 18. Mifuko ikirundikwa nyuma ili mbele pabaki nafasi ya vitu vya dereva, lori la tani 52 linapigwa faini. Dawa ni kupanga upya mzigo kabla ya kufika mizani ya Mpemba.

Kituo kimoja, saa mbili tofauti

Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu. Wazo lake ni jepesi kuliko linavyoelezwa: unasimama upande unaoingia tu. Anayekwenda Zambia anapita Tunduma bila kusimama, anawakuta maofisa wa Tanzania wamekaa jengo la Nakonde pamoja na wa Zambia. Anagongewa kutoka, anasogea dirisha linalofuata, anagongewa kuingia. Anayekuja Tanzania anafanya hivyo Tunduma. Ofisa wa TRA aliyeko Nakonde anatumia sheria ya Tanzania akiwa kwenye ardhi ya Zambia, ndani ya eneo lililotengwa.

Mbona basi foleni ya malori bado huwa inarudi hadi nje ya mji? Kwa sababu jengo linafupisha dirisha, halifupishi karatasi. Lori linalofika kabla kadhia yake haijakubaliwa upande wa pili halina pa kwenda, na barabara ni ileile inayopitisha shaba kutoka Kongo na Zambia kwenda bandarini, mafuta na mbolea kutoka bandarini, daladala, bajaji na mikokoteni ya soko. Malori ishirini yasiyo na karatasi yanazuia mia moja yenye karatasi. Wakala mzuri humwambia dereva asubiri Vwawa au Mlowo mpaka malipo yaonekane kwenye mfumo. Dereva anayelipwa kwa safari hapendi ushauri huo.

Halafu kuna saa. Zambia na Malawi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ofisi ya Nakonde inayofungua saa mbili asubuhi kwa saa zao, Tunduma ni saa tatu. Jioni faida inageuka: benki ya Tunduma ikishafunga, ya Nakonde bado ina saa moja mbele, ilimradi pesa iwe tayari upande huo. Simu nayo hudanganya, kwani ikidaka mnara wa ng'ambo inajirekebisha yenyewe ukiwa umekaa kwenye kiti chako Tunduma. Wazoefu hawasemi "tukutane saa nane" bila kuongeza "ya Bongo" au "ya Zambia", na wanaotembelea huko mara mojamoja huzima marekebisho ya saa kwenye simu.

Kwacha mbili

Kwacha ya Zambia na kwacha ya Malawi ni fedha mbili zisizohusiana, zaidi ya jina. Tangu mwisho wa Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kupanga bei na kulipia bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo Mzambia anayenunua sokoni Tunduma anapaswa kubadili kwanza apate shilingi. Anayebadilisha barabarani kwa kijana mwenye burungutu anapoteza mara mbili, kwenda na kurudi. Tuseme mzigo ni wa shilingi milioni 10 na kila ubadilishaji unakula asilimia 2: ni shilingi 200,000 kila upande, karibu 400,000 zimekwenda bila kugusa mchele. Zambia ilitoa noti mpya mwaka 2025, kwa hiyo angalia pia toleo la noti kabla hujaikunja mfukoni.

Malawi shida ni nyingine: fedha za kigeni zenyewe ni haba. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44 kwa siku moja. Aliyekuwa amekopesha mzigo Karonga, kaskazini ya Malawi, kwa bei ya kwacha alilipwa kiasi kilekile cha noti, kilichonunua dola pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko jana yake. Ndiyo maana wanaopitia Kasumulu, mpakani na Malawi, hupenda kugeuza malipo kuwa mzigo wa kurudia, soya au karanga. Ni akili nzuri, mradi tu wakumbuke kuwa mzigo wa kurudi una safari yake ya karatasi: kibali cha kuingiza cha Tanzania, cheti cha usafi cha Malawi, cheti cha SADC cha Malawi.

Kinachoamuliwa mpakani na kisichoamuliwa

Mipaka hii ilipita katikati ya watu. Wanyamwanga wako Tunduma na Nakonde. Wanyakyusa wa Kyela wanasikilizana na Wangonde wa Karonga. Wandali wako Ileje na Chitipa. Mto Songwe, ambao ndio mpaka na Malawi, huhama kitandani mwake ukifurika huko chini Kyela, na shamba la jana linaweza kuamka ng'ambo. Kwa mambo kama hayo vikao vya ujirani mwema, kati ya viongozi wa Mkoa wa Songwe na wenzao wa Jimbo la Muchinga au kati ya Mbeya na kaskazini ya Malawi, vina kazi kubwa: alama za mpaka, ng'ombe walioibwa, kipindupindu, njia za panya. Mkuu wa wilaya anaweza kumpigia mwenzake simu na mgonjwa akavushwa usiku.

Hawezi kubadili ushuru, wala kufuta katazo. Mei 2020 Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, uamuzi ulitoka Lusaka. Mwaka 2024, Zambia ilipokumbwa na ukame na Tanzania ikakubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi, mkataba ulikuwa kati ya NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula wa Tanzania, na wakala wa maafa wa Zambia, na wafanyabiashara wa Tunduma waliona malori yakipita. Machi 2025 Malawi ilizuia kwa muda kuingiza bidhaa kadhaa, zikiwemo mchele, mahindi, tangawizi na ndizi. Aprili Waziri wa Kilimo wa Tanzania wa wakati huo, Hussein Bashe, akajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na mbolea inayokwenda huko. Katazo hilo la Tanzania liliondolewa siku chache baadaye, mazungumzo yakafuata.

Ndizi ndizo zilizoonyesha kilichokuwa kinagongana. Malawi ilikuwa na migomba yake mpaka virusi vinavyofanya majani ya juu yasimame wima na kubanana kama ufagio vilipoiangamiza, na tangu hapo Rungwe ikawa mojawapo ya mashamba ya kulisha masoko yao. Virusi hivyo huenezwa na miche na wadudu mafuta wanaokaa kwenye majani na shina, ndiyo sababu mkaguzi wa Kasumulu anaweza kukubali mikungu na kukataa majani ya mgomba uliyoyafunika juu yake kuzuia jua. Tumia turubai.

Mchele ukikwama unakaa ghalani Kyela ukisubiri bei. Mkungu uliokatwa haurudi mgombani. Katika joto la Kasumulu una siku chache tu kabla haujaanza kuiva ndani ya gari. Kwa hiyo kwa mwenye ndizi mpangilio ni huu: simu kwa mnunuzi wa Karonga kuuliza kama kibali chake bado kiko hai, simu kwa mkaguzi wa TPHPA aliyeko mpakani kuuliza kama kuna tangazo jipya, halafu ndipo mtu apande Tukuyu na panga.